Hakuna Majina, Hakuna Namba

Wateja wapya wakifika pale kibandani humsalimia vizuri mama wanayemkuta, huweka cherehani yao mezani, kisha humuuliza fundi yuko wapi. Yeye huwajibu kwamba fundi katoka kidogo, wakae wasubiri. Halafu huvuta kiti, hulaza cherehani ubavu, hutia bisibisi, na akimaliza huwaambia, "Haya, fundi karudi." Wenye haya hucheka. Wasio na haya husema hawakujua kama wanawake nao hutengeneza cherehani, naye huwaambia kwamba cherehani nayo haikujua, ndiyo maana imepona.

Kibanda chenyewe ni chembamba, kimebanwa kati ya duka la fotokopi na ngazi za kupandia ghorofani. Watu wakishuka kwa kishindo vumbi humdondokea kichwani, kwa hiyo kilemba hakimtoki. Rafu tatu zimejaa vichwa vya cherehani, vingine vimekufa na vinachunwa vipuri, vingine vinasubiri zamu. Amekaa humo miaka ishirini na sita, na anayempita akimwona kainama peke yake na tochi yake mdomoni atasema mama wa watu hana wenzake. Atakuwa amekosea. Kuna wakati alikuwa na wenzake elfu tisa.

Walikuwa ndani ya simu. Wapo watakaocheka hapa, na wacheke, lakini waulizwe kwanza ni watu wangapi wangejua wakikosa kuamka kesho.

Lilikuwa jukwaa la mtandaoni la mafundi cherehani na washonaji. Alijiunga miaka kumi na moja iliyopita kwa sababu ya cherehani moja iliyomtoa jasho. Ilikuwa ikiruka mishono, na alikwisha kubadilisha kila kitu isipokuwa meza. Akaona haya kuuliza mafundi wa mjini, wanaume wale wangemtangaza mpaka sokoni. Akaingia jukwaani kwa jina la kujitungia, Bobini, akaeleza taabu yake. Dakika ishirini hazikupita, mtu akamjibu: "Sindano umeiweka nyuma mbele. Usione haya, mimi niliwahi kukaa nayo hivyo siku mbili nikimlaumu aliyeniuzia uzi." Akaenda kutazama. Kweli. Fundi wa miaka kumi na tano, sindano nyuma mbele! Alicheka peke yake mpaka jirani wa fotokopi akaja kuchungulia.

Aliyemjibu alijiita Mshono wa Pili. Alikuwa mshonaji wa mji mwingine, na jina hilo alijipa kwa sababu hakuamini mshono mmoja. Kwapani na mfukoni alipita mara mbili, na aliyeona hivyo ni kupoteza uzi alimwambia akashone kwingine.

Jukwaa lile lilikuwa na desturi ya neno moja. Fundi akifika kazini asubuhi, kabla hajagusa chombo, aliandika "Nimefungua." Basi. Hakueleza zaidi. Wa pili akafuata, wa tatu akafuata, na ikifika saa tatu ukurasa umejaa watu waliofungua. Kila siku wa kwanza alikuwa Mzee Pedali, mzee aliyeamka kabla ya majogoo na kujisifia hilo kama vile amri ya kuchomoza jua ilitoka kwake. Asiyefungua siku mbili aliulizwa. Asiyefungua wiki nzima aliombewa dua, na akirudi alitukanwa kidogo kwa mapenzi.

Mwaka wa pili wakamchagua Bobini awe msimamizi, kwa kuwa hakuwa na upendeleo wala uvivu. Ndipo alipotunga kanuni yake. Kulikuwa na bwana mmoja aliyejifanya fundi, akakusanya namba za simu za washonaji wanawake, akaanza kuwasumbua. Leo anamtongoza huyu, kesho anamtukana yule kwa kumkataa. Mshonaji mmoja alifikia kuitupa laini yake pamoja na wateja wake wote. Bobini akapandwa na hasira. Alimtimua yule bwana, akaandika juu kabisa ya jukwaa kwa herufi kubwa: HAKUNA MAJINA, HAKUNA NAMBA. TUNAJUANA KWA KAZI. Kanuni ikapewa meno. Anayeandika namba ya simu, ujumbe wake unafutwa, naye anafungiwa kuandika kwa siku thelathini. Kitufe kilikuwa kimoja kwa yote mawili.

Alikibonyeza miaka tisa. Watu walileta ujanja wakaandika namba kwa maneno, wengine wakaziandika kuanzia mwisho kuja mwanzo, naye akawanasa wote. Mmoja aliyejiita Sindano Kumi na Nne alifungiwa mara tatu na kila akirudi alimwita askari jela. Bobini hakujali. Alijisifu kwamba akiona tarakimu zimefuatana kidole chake hutangulia macho, na wanawake wa jukwaani walimpenda kwa hilo, maana walikuwa na mahali pa kuuliza jambo bila mtu kuwauliza wanalala saa ngapi.

Kwa hiyo yeye na Mshono wa Pili, miaka yote ile, hawakupeana jina wala namba. Msimamizi avunje kanuni yake mwenyewe? Na namba ya nini, ikiwa kila siku wako pamoja? Bobini alijua kwamba mwenzake hupiga chafya akikata kitambaa cha sufu. Alijua kwamba miwani yake huipotezea kichwani. Alijua kwamba alizika mtoto wa kiume, na kwamba nguo ya mwisho ya mtoto huyo aliianza akashindwa kuimalizia, ipo sandukuni bila mikono. Hilo hakumwambia mtu mwingine. Na Bobini naye, mumewe alipofunganya akaenda kuanza maisha kwingine, wa kwanza kujua alikuwa Mshono wa Pili, kabla hata ya dada zake. Mwenzake hakumpa pole ndefu. Alimwandikia, "Leo tengeneza cherehani ngumu kuliko zote ulizonazo. Ukimaliza niambie." Akatengeneza. Alipomaliza ilikuwa alasiri, na alikuwa bado yu hai.

Kisha kuna ule mwaka aliopasuliwa tumbo. Alilala hospitali siku kumi na tisa, simu imezimwa na kukaa mkobani kwa binti yake. Aliporudishiwa alifungua jukwaa akidhani amekwisha kusahauliwa. Akakuta kila asubuhi, kwa siku zote kumi na tisa, Mshono wa Pili ameandika: "Nimefungua. Na Bobini nimemfungulia." Alilia mpaka muuguzi akaitwa, wakidhani kidonda kimeachia.

Basi, wenye mtandao wakauza mtandao wao. Walionunua ni kampuni ambayo haijawahi kushika sindano, na barua yao ya kwanza ilianza na maneno "Tuna habari njema!" Ukiona mtu anakuletea habari njema ambayo hukumuuliza, shika mkoba wako vizuri.

Habari njema ya kwanza ilikuwa kwamba ujumbe hautapangwa tena kwa saa. Utapangwa kwa umaarufu, kilichojibiwa na wengi kikae juu. Hebu fikiria mtu anayesema "Nimefungua" saa mbili asubuhi ya Jumatatu, na wenzake wanamwona Alhamisi jioni, akiwa amekwisha kufunga mara nne. Salamu zikawa zinapishana kama watu wanaotafutana sokoni. Ubaya zaidi ukaja kwa Mzee Pedali. Mzee alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, na chini ya salamu yake ya mwisho watu zaidi ya mia nne walikuwa wameandika rambirambi. Mashine ya kampuni ikahesabu, ikaona hakuna mtu maarufu kama marehemu. Kila asubuhi, juu ya wote, ikamweka Mzee Pedali: "Nimefungua." Wageni wasiojua wakawa wanamjibu, "Karibu mzee, kazi njema." Wenyeji walipoona hivyo, wengine walifunga simu zao wakaenda kukaa nje.

Bobini aliandika kuomba yule mzee aachwe apumzike. Hakujibiwa. Mwezi uliofuata zikafutwa picha zote za zamani, picha za mikono yenye mafuta ikionyesha skrubu gani ilegezwe na gani isiguswe kamwe. Kisha likaondolewa kapu la msimamizi, lile lililokuwa likihifadhi kilichofutwa kwa bahati mbaya. Wakasema linaleta uzito. Mwisho likaja toleo jipya lililozikataa simu za zamani, na hapo ndipo Bobini aliposhikwa na baridi, kwa sababu Mshono wa Pili aliandika hivi: "Simu yangu inaambiwa imezeeka. Sote tumezeeka. Nitatafuta nyingine, msinisahau."

"Nani akusahau?" alimjibu palepale. Hakujua kama mwenzake aliwahi kuyasoma maneno hayo. Ulipita mwezi, ikapita miwili, ikapita mitatu. Kila asubuhi aliandika, "Nimefungua. Na Mshono wa Pili nimemfungulia," na kila jioni ujumbe huo ulikuwa umezama chini ya tangazo la magodoro.

Watu wakatawanyika. Walihamia kwenye makundi ya simu, na Bobini akaingia matatu kuwafuata. Humo alikuta picha za maua kila alfajiri, dua za kutumia watu kumi na mmoja upesi upesi, na jamaa mmoja anayeuza viwanja. Mtu akiuliza habari ya mkanda wa cherehani, jibu lilifunikwa na maua kabla hajalisoma. Kila alikoingia aliuliza swali lile lile, kama kuna anayemjua Mshono wa Pili alipo. Wote walimjua. Hakuna aliyejua alipo.

Hatimaye kampuni ikatangaza. Majukwaa yote yenye wanachama hai chini ya mia tano yatafungwa siku ya mwisho ya mwezi, saa sita mchana. Lao lilikuwa na arobaini na mmoja, ukimhesabu marehemu, na mashine ilimhesabu.

Binti yake alimkuta siku hiyo amekaa bila kufanya kazi. Yeye ni karani wa mapokezi katika ofisi ya mtaa wa pili, na akitoka kazini hupitia kibandani kumsubiri mama yake wafuatane nyumbani.

"Mama, nani kafa?"

"Hajafa mtu. Wanafunga jukwaa."

"Aa, hilo tu? Si mtahamia kwingine."

"Nitampataje Mshono wa Pili?"

Binti akaketi juu ya kasha. Alikuwa amelisikia jina hilo tangu akiwa shuleni. "Mama, hivi wewe unamjua kweli huyo mtu?"

"Namjua."

"Anaitwa nani?"

Bobini akaokota kitambaa, akaanza kufuta bisibisi iliyokuwa safi.

"Anakaa mji gani? Umeshamsikia hata sauti? Mama, anaweza kuwa mwanamume mwenye ndevu zake, anakaa anawacheka."

"Hata angekuwa na ndevu mpaka magotini," Bobini akasema, "ni yeye aliyenifungulia siku kumi na tisa. Wewe ulinizimia simu."

Ulikuwa utani, lakini ulitoka na ukali, na wote wawili wakausikia. Walitembea kwenda nyumbani, binti mbele, mama nyuma.

Zilibaki siku kumi na mbili. Asubuhi hiyo alikuwa amefumua cherehani kubwa ya mshonaji wa sare za shule, vyuma vyake vimepangwa juu ya gazeti kwa mpangilio ambao ukipiga chafya tu umekwisha. Mikono ilikuwa myeusi tititi. Simu aliisimamisha mbele yake ikiegemea kopo la mafuta, kama kawaida yake. Ikalia. Kuna aliyeandika jukwaani. Aliinua jicho moja, akaona tarakimu zimefuatana, na kidole chake kidogo, ambacho ndicho pekee kilichokuwa safi, kikatoka chenyewe na kubonyeza.

Macho yalifika nyuma yake. Maandishi yalikuwa yanafifia, na akawahi kusoma, "Bobini, nimeazima simu ya watu, kabla hawajafunga naomba uiandike mahali namba ya…" Na juu yake, jina. Mshono wa Pili.

Kisha ukurasa ukawa safi, na kampuni ikampongeza: "Ujumbe umefutwa. Mwanachama amefungiwa siku thelathini. Asante kwa kulinda jukwaa lako."

Alisimama, vyuma vikamwagika. Alitafuta kapu, halikuwapo. Alitafuta pa kumfungulia mwenzake, akaambiwa siku hizi maombi ya kufunguliwa hupitiwa na kampuni ndani ya siku kumi na nne za kazi. Akaandika maombi hayo hivyo hivyo, akiichafua simu kwa mafuta, akieleza kwamba ni kosa, kwamba ni yeye mwenye kosa, kwamba wanamwonea mtu. Jibu lilikuja baada ya sekunde tatu: "Asante kwa maoni yako! Tumefurahi kusikia unalipenda toleo jipya."

Majuto ni mjukuu, wanasema, huja mwisho. Haya hayakusubiri. Yalimkaa kifuani saa ile ile. Na kilichomuuma si kuikosa namba tu. Mfumo ule ukimfungia mtu humwambia nani kamfungia. Mwenzake ameazima simu, pengine kaiomba kwa unyonge, kaja mbio kuwahi, na alichokikuta mlangoni ni maneno haya: "Umefungiwa na Bobini."

Jirani wa fotokopi alisikia vyuma vikianguka akaja. Alikuwa mtu wa maneno machache na wino mwingi, na hakuwahi kulielewa jukwaa hilo ni nini. Akamsikiliza mpaka mwisho huku akiokota skrubu moja moja na kuzirudisha juu ya gazeti.

"Huyo uliyemfungia, haoni kabisa kilichomo?"

"Anaona. Kuandika ndiyo hawezi."

"Si uandike namba yako wewe? Akiona atakupigia."

Bobini alimtazama kama mtu aliyeambiwa aende barabarani bila nguo. Sheria ni msumeno, na miaka tisa alikuwa upande wa mpini. Alikaa na wazo hilo mpaka mchana. Kisha akanawa mikono kwa sabuni, mara mbili, akavaa miwani, akaandika:

"Mshono wa Pili, kilichokufungia ni kidole, si moyo. Namba yangu ni hii hapa. Nipigie hata kwa simu ya kuazima, nitakurudia mimi." Chini yake akaweka namba, na chini ya namba akaandika jina lake kamili, lile la kwenye kitambulisho, ambalo hata jirani wa fotokopi hakulijua. Hakukuwa na mtu wa kumfungia. Msimamizi alikuwa yeye.

Ujumbe ukazama. Kufikia jioni ulikuwa chini ya magodoro, chini ya viwanja, chini kabisa ya Mzee Pedali, mahali ambapo mtu wa simu ya kuazima asingepata muda wa kufika. Sasa hasira ikamsaidia. Alijua mashine inapenda nini, inapenda majibu. Akaenda kwenye makundi yale matatu, katikati ya maua, akaandika: "Ndugu zangu, naomba mrudi jukwaani mara moja tu. Muandike neno moja chini ya ujumbe wangu, upande juu. Mshono wa Pili ananitafuta na mimi nimemfungia mlango."

Siku ya kwanza walikuja wanne. Alishukuru, akaona aibu. Siku ya pili wakaja tisa, na mmoja wao badala ya kuandika neno lolote tu, akaandika "Nimefungua." Baada ya hapo hakuna aliyeandika lingine. Mafundi waliokwisha kuacha ufundi walikuja. Mmoja akaandika, "Nimefungua, japo siku hizi nafungua mlango wa lori." Mwingine alisema amestaafu, macho hayaoni tena tundu la sindano, lakini leo amefungua. Sindano Kumi na Nne alikuja na kuandika, "Nimefungua, askari jela. Mara tatu ulinifungia na bado nimekuja." Waliitana, wakatafutana, waliokuwa na simu zilizokataliwa wakaazima za watoto wao. Binti yake Bobini alikuwa akisoma begani kwa mama yake, na safari hii hakuuliza majina.

Asubuhi ya siku ya mwisho walifika mia tatu na kumi na mbili chini ya ujumbe mmoja. Magodoro yakapitwa. Lakini mbele ya salamu ya Mzee Pedali ulikwama, kwa kuwa rambirambi zile zilikuwa zaidi ya mia nne. Ndipo mmoja wa wazee wa jukwaa akapata akili: kila mtu aliyemwandikia marehemu rambirambi mwaka ule akaifute, Pedali mwenyewe angeelewa. Wakafuta mmoja mmoja, kila mtu akimwomba mzee radhi. Saa tano na robo marehemu akashuka. Ujumbe wa Bobini ukakaa juu peke yake, namba na jina na kidole na moyo, kwa dakika arobaini na tano.

Saa sita ukurasa ukawa mweupe. Katikati yake paliandikwa, "Ukurasa huu haupo." Hawakuandika kwamba umefungwa. Hawakuandika kwamba ulikuwapo.

Wiki ile simu ililia mfululizo. Namba ilikuwa imesomwa na wengi, na watu waliokatazwa miaka tisa walitaka kusikia sauti ya aliyewakataza. Sindano Kumi na Nne, ambaye Bobini siku zote alimfikiria kama mwanamume wa kitambi na vurugu, kumbe ni bibi wa miaka sabini na sita mwenye sauti ya kinanda. Walicheka mpaka salio la bibi likakatika. Yule wa lori alimpigia akiwa njiani, na injini ilinguruma kuliko yeye. Ilikuwa furaha, na Bobini hakuidharau. Ila kila namba ngeni ilipotokea, moyo wake ulipanda hadi kooni, na sauti ilipojitambulisha ulishuka, naye akajilaumu kwa kuwapokea watu wema kwa moyo ulioshuka. Mkono wa mtu unaweza kujaa zawadi na bado ukahisi kidole kilichokosekana.

Kisha simu zikapungua, zikawa chache, zikawa za matapeli na watu waliokosea namba. Hapo zamani binti yake alimwekea simu isipokee namba ngeni, kwa ajili ya matapeli hao. Siku ile alipoiandika namba jukwaani aliomba kizuizi hicho kiondolewe, kikaondolewa. Sasa anapokea zote. Anajua kila kitu kuhusu mwenzake isipokuwa sauti, kwa hiyo hawezi kumkataa mtu kwa sauti yake. Mwanamume au mwanamke, kijana au mzee, kabla hajasema shida yake, Bobini humuuliza, "Samahani kwanza, wewe unashona?" Wauza bima waliwahi kuchanganyikiwa. Tapeli mmoja alikata simu yeye mwenyewe, na hilo si jambo linalotokea kila siku.

Imepita miezi saba sasa. Jana alasiri alikuwa ameinama, mikono yote miwili imezama ndani ya cherehani, kidole gumba kikizuia springi isiruke. Binti alikuwa amekaa kwenye kasha akimsubiri. Simu ikalia mezani. Namba ngeni.

Bobini hakuweza kuachia. Alimtazama binti yake. Binti alifuta mkono kwenye sketi ingawa haukuwa na uchafu, akaichukua simu, akaiweka sikioni.

"Halo? Ndiyo, ni namba yake," alisema. Akasikiliza kidogo. Kisha, polepole, kama mtu anayeshika chombo cha mtu mwingine, akamuuliza aliyepiga, "Samahani kwanza, mama. Wewe unashona?"

Bobini aligeuza shingo, mikono ikibaki ndani ya cherehani. Alikuwa akiutazama mdomo wa mwanawe.

Binti alisikiliza. Akatikisa kichwa: siye.

"Mwambie asante kwa kupiga," Bobini akasema, na akarudisha macho kwenye springi.